Kila Tuta Lina Shimo Lake

Skelmarsh, pwani ya Lincolnshire
11 Novemba 1847

Mdogo wangu Amos,

Tumempoteza Elkanah Gott, mkamata fuko, alfajiri ya Jumanne tarehe tisa. Pamoja naye wamekwenda kondoo kumi na wanane wa mjane Pell na yadi tisa za mguu wa tuta la bahari, kwenye kipande cha Bwana Haldenby, baba mkwe wako. Naanza na hilo kwa sababu wewe ukipewa salamu kwanza huwa hufiki mwisho wa barua.

Sasa salamu. Hujambo? Mkeo Harriet hajambo, na hali yake inakwendaje? Huku mimi ni mzima. Mama homa ya kutetemeka imemrudia tangu mvua zianze. Anakunywa chai yake ya vichwa vya kasumba, ile afyuni yetu ya kutuliza homa, asubuhi na jioni kama kila mtu wa bwawani, na akishakunywa anakusifu. Mabata bukini wangu wako salama. Bei ya manyoya imeshuka, maana ninyi watu wa mjini mmeanza kuandikia vyuma. Hata barua yako ya mwisho imeandikwa kwa kalamu ya chuma, imekwaruza karatasi kama kuku. Nilikusomesha kwa manyoya, Amos, lakini hayo tuyaache.

Ilikuwa hivi. Unajua desturi ya Elkanah: kila bamvua likija, yeye huteremka kwenye mguu wa tuta na kijiti chake kutafuta palipotobolewa na fuko, anachomeka, anatega sikio, anasogea. Nilikuwa nafungua banda nikaiona taa yake kule kwa Haldenby, maji yakiwa karibu kujaa. Kisha taa ikashuka. Haikuanguka. Ilishuka polepole, kama mtu anayeteremka ngazi. Tulipofika, mguu wa tuta ulikuwa umemeguka na kuingia majini, na kondoo waliokuwa wamejibanza pale wamekwenda nao. Tumeokota kijiti tu.

Msimamizi wa Haldenby alikuja kesho yake, juu ya farasi, akasema mzee alikuwa amejaa kasumba akateleza. Nikamwambia bwawa zima limejaa kasumba, tungekuwa tunateleza kwa kasumba pasingebaki mtu wa kumlipa kodi bwana wake. Hakucheka.

Wewe ndiye dikereeve wetu, mkaguzi wa tuta. Nakukumbusha kama mtu aliyesahau: baraza la tuta lilikuchagua wewe baada ya Baba, na sepetu ya Baba imetundikwa juu ya meko yangu ikikungoja. Kila mwenye shamba hapa ana kipande chake cha tuta. Changu ni yadi sabini na mbili, cha Haldenby ni mia sita. Anayezembea, dikereeve huja akachomeka sepetu ile kwenye kipande chake kwa mkono wake mwenyewe, na tangu hapo kila mwanamume wa parokia hutoka na mkokoteni kuziba, na mzembe hulipa maradufu au shamba linamtoka. Ndiyo kazi yenyewe. Hakuna nyingine.

Njoo uichomeke.

Dada yako,
Kezia


Lincoln
15 Novemba 1847

Dada yangu mpenzi Kezia,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Harriet. Sisi wazima, ila yeye miguu inavimba na mganga amesema apande ngazi mara moja tu kwa siku. Mtoto tunamtarajia katikati ya Januari. Mwambie Mama nimemnunulia ratili moja ya chai ya kweli ya China, nitaileta mwenyewe, aipumzishe hiyo nyingine.

Habari ya Elkanah imenichoma. Nakumbuka alivyokuwa akiniachia nimbebee fuko wake kwenye ukanda, kumi huku, kumi huku, nikitembea kama jenerali. Mungu amlaze pema. Baba mkwe naye amesikitika sana, amesema atatoa jeneza endapo mwili utapatikana.

Lakini, Dada, tusimsingizie mtu msiba. Kipande kile kimeinuliwa futi mbili kiangazi hiki, kwa gharama zake mwenyewe, mhandisi akisimamia. Ni kirefu kuliko tuta lolote la Skelmarsh, chako kikiwemo. Na mimi nilikikagua Oktoba. Mzee wa miaka sabini na minne, gizani, kwenye majani yaliyoloa, hahitaji kosa la mtu ili ateleze.

Nikuchekeshe kidogo. Juzi mezani tulikuwa na kasisi mmoja mkongwe wa kanisa kuu, mtu wa maneno ya kale. Baba mkwe akamtania kuwa mkwewe ana cheo cha vyura. Yule mzee akaweka uma chini, akasema neno hilo si la kuchezea. Akasema reeve ni neno lililokuwepo kabla ya wafalme waliotoka ng'ambo ya mlango wa bahari, ndiye mtu aliyewekwa juu ya mali ya mkuu wake, mwenye mamlaka ya kuamuru na kutoza, na kwamba sheriff mwenyewe, na kofia yake na upanga wake, ni reeve wa jimbo tu, ndugu yangu wa damu. Meza nzima ikanyanyua glasi kunitakia afya. Nilitamani Baba angekuwepo asikie. Miaka ishirini na sita alitembea na tope hadi magotini, hakujua ana cheo cha kifalme.

Kuhusu sepetu, tungoje baraza la masika. Nitalisemea jambo hilo huko, kwa utaratibu.

Nduguyo mdogo,
Amos


Skelmarsh
18 Novemba 1847

Mdogo wangu,

Tumepokea salamu zako. Mama anakuombea wewe na tumbo la Harriet kila jioni. Jana alikaa kitini karibu saa nzima bila kutetemeka, tukala samaki mkunga wa kuchemsha na mkate, akamaliza sahani.

Umesema ulikagua Oktoba. Nilikuona. Kofia tatu juu ya tuta, juu ya farasi watatu, yako ikiwa ya katikati. Mama alikata mkate wa zabibu akasimama mlangoni na sahani, kwa sababu Baba akitoka kukagua huwa anaingia. Ulipunga mkono ukapita. Nikamwambia Mama una haraka. Sikumwambia kuwa kutoka kule juu hata sahani ulikuwa huioni vizuri.

Baba alikagua vipi, Amos? Kwenda kwa miguu, chini, upande wa bahari. Kurudi kwa miguu, juu. Kamwe si juu kwenda na juu kurudi. Ungeshuka ungeona kilichomuua Elkanah, maana mimi nimeshuka Jumamosi maji yakiwa yamekupwa, nimepima kwa kamba.

Kipande kimeinuliwa futi mbili, kweli. Sasa niulize udongo ulitoka wapi. Udongo wa mfinyanzi ulio karibu uko Kilima cha Toft, maili mbili na nusu, na ungehitaji mikokoteni kama mia tisa. Mimi najua kwa sababu nililipia mikokoteni ya kwangu. Kiangazi kizima hakuna aliyeona mkokoteni wa Haldenby ukitoka Toft. Alileta vibarua wa reli, watu wasiotujua wala kuijua bahari, wakachimba palepale walipokuwa wamesimama: kwenye mguu wa tuta, upande wa maji. Wakachukua chini wakaweka juu. Shimo lina urefu wa yadi sitini na kina cha kimo cha mtu mfupi, na wamelifunika kwa nyasi na matope mepesi ya mtoni ili lionekane ardhi. Tuta limekuwa refu kama askari, limesimama kwenye ukingo wa kaburi.

Kasisi wako hakukosea, msalimie. Lakini amekueleza nusu ya nyuma ya neno. Nusu ya mbele nilielezwa na Babu, na yeye alielezwa na babu yake. Dike ni shimo, na dike ni tuta, neno moja kwa vyote viwili, kwa sababu watu wa kwanza waliochimba hapa walikuwa na sepetu moja na kazi moja: unatoa hapa, unaweka pale. Huwezi kupata kimoja bila kingine. Kila tuta lina shimo lake mahali fulani, na kazi ya dikereeve, alisema Babu, haikuwa kulisifu tuta. Ilikuwa kuuliza shimo liko wapi.

Basi unganisha nusu zako mbili. Shimo nimekuonyesha. Mamlaka ya kuamuru unayo wewe, umenyanyuliwa glasi kwa ajili yake. Baraza la masika ni Aprili. Kati ya leo na Aprili kuna bamvua kumi, na Mama analala chini, kwenye chumba cha mbele, yadi mia tatu kutoka shimo hilo.

Kezia,
dada yako


Lincoln
22 Novemba 1847

Dada mpenzi,

Salamu. Natumai homa ya Mama imepungua. Sisi hatujambo sana. Harriet hapati usingizi, nami nikimsikia akihangaika nakesha naye.

Nilisoma barua yako mara mbili kisha nikaichoma, unisamehe. Nyumba hii si yangu peke yangu. Acha nikueleze mambo kama yalivyo, nawe uyapime, wewe ni mtu wa kupima.

Baba mkwe anauza shamba lote la Skelmarsh, pamoja na kipande chake cha tuta. Mnunuzi ni mtu wa Nottingham. Watatia sahihi siku mbili kabla ya Krismasi. Sepetu ikichomekwa kabla ya hapo, mnunuzi anajitoa kesho yake, na bila mauzo hayo baba mkwe ameanguka, na akianguka yeye, nyumba hii tunayolala inakwenda naye, na mtoto wangu atazaliwa barazani kwa watu. Baada ya Krismasi shamba litakuwa la mwingine. Nitakuja mwenyewe, nitachomeka sepetu mara kumi ukitaka, na wa kulipa atakuwa mtu nisiyekula mezani kwake. Ni wiki tano tu, Dada. Tuta limesimama tangu Julai.

Na kuna jambo nimelifikiria na Harriet naye amelipenda. Mama mzee, bwawa la huko si mahali pake majira haya ya baridi. Tuna chumba kinachotazama bustani, kina meko yake. Mlete, na wewe ukae naye hata hadi Pasaka, mabata mwachie mtu. Nitatuma gari la farasi. Lakini iwe mapema, kabla ya tarehe nane Desemba, barabara zisijeharibika.

Nakubusu mikono.

Nduguyo,
Amos


Skelmarsh
26 Novemba 1847

Mdogo wangu Amos,

Natumai barua hii inawakuta wazima. Sisi tupo. Nasema tupo, maana juzi Jumatano lilikuja bamvua la mwezi mpevu na likapita. Upepo ulikuwa wa kusini-magharibi, unayasukuma maji kurudi yalikotoka. Hata hivyo yalifika ndani ya futi tatu za juu ya tuta langu, na kule kwa Haldenby kulisikika kitu kikinyonya, kama ng'ombe anayekunywa. Watu kumi na wawili tulikuwa tumesimama tunasikiliza hadi maji yalipogeuka.

Nimesoma sababu zako nimezipima. Zina uzito, sikatai. Sitaki mtoto wako azaliwe barazani, na kama ni kulala, nyumba yangu ina vyumba vitatu na havina deni. Ungeweza kuniomba hifadhi hiyo kabla hujanitajia mtu wa Nottingham. Lakini kuna kitu kimoja ndani ya barua yako hakikukaa kwenye mizani, nikakirudia na kukirudia.

Kabla ya tarehe nane.

Barabara ya Skelmarsh huharibika Oktoba, Amos. Umekulia hapa, umesukuma mikokoteni kwenye tope lake. Tarehe nane Desemba haina tofauti yoyote na tarehe kumi na nane, kwa barabara. Nikafungua almanaka. Mwezi unaandama tarehe saba. Bamvua lake ni Alhamisi tarehe tisa, maji yakijaa saa moja asubuhi, na ndiyo makubwa kuliko yote ya majira haya. Wewe pia una almanaka. Uliifungua kabla yangu.

Sikutaka kumsomea Mama, akasisitiza. Alikunywa chai yake hadi mwisho, akaweka kikombe chini. Kisha akasema, "Mwambie Amos, mtu hamhamishi mama yake kutoka kwenye nyumba isiyo na hatari." Baadaye akaniita tena akaniambia nikuongezee kwamba ule mkate wa zabibu alikuwekea, umekauka, lakini ukiuchovya kwenye maziwa unalika.

Nilikwenda kwa Stennet mhunzi nikamuuliza: tukienda sote, wanaume arobaini, tukazibe bila dikereeve, itakuwaje? Akafuta mikono, akanikalisha. "Bibi Kezia," akasema, "ukinipa amri ya dikereeve nitachimba mpaka nitokee Uholanzi. Lakini kuchomeka sepetu kwenye tuta la bahari la mtu mwingine bila amri, sheria inaita kubomoa tuta. Kwa hilo wanakupakia meli kwa pingu hadi upande wa pili wa dunia. Nina watoto watano. Haldenby ana mawakili watatu." Nikamwambia mawakili hawaogelei. Akasema, "Wala hawaishi huku."

Ndiyo hali. Hapa pana wanaume arobaini na mikokoteni kumi na sita, na Toft kuna udongo, na hakuna kinachoruhusiwa kusogea mpaka wewe usogee.

Nakuuliza swali moja. Ulipoandika tarehe nane, ulikuwa unajua?

Dada yako,
Kezia


Skelmarsh
2 Desemba 1847

Amos,

Salamu kwenu. Sijapata jibu. Mtu wa posta anasema barabara ni nzuri, aliniambia bila kuulizwa.

Nimekwenda hadi kwa karani wa baraza la tuta. Si mtu mbaya, alinipa na kiti. Nilimuuliza kama baraza linaweza kuchagua dikereeve mwingine wiki hii. Akasema linaweza, wajumbe kumi na wawili wakikaa pamoja hata jikoni kwa mtu inatosha, lakini mpaka aliyepo afe au aachie kwa neno lake mwenyewe, la maandishi. Yu hai? akaniuliza. Nikasema nadhani. Ameachia? Nikasema hajasema kitu. Akasema basi bado ni yeye.

Kwa hiyo ukimya wako haukuweki kando, mdogo wangu. Unakalia mlango.

Jumapili baada ya ibada tulimzika Elkanah bila mwili. Tulizika kijiti chake.

Kezia


Lincoln
4 Desemba 1847

Dada,

Salamu kwako na kwa Mama.

Gari litafika Jumatatu jioni, tarehe sita, lilale kwako na liondoke Jumanne alfajiri. Mwenye kuliendesha ni mtu wa kuaminika, nimeshamlipa. Nimeweka mablanketi mawili, la Mama na lako. La kwako ni lile la bluu, Harriet amelishona mwenyewe.

Tafadhali, Kezia. Sina nguvu ya kuandika zaidi, na usiniulize lile ulilouliza. Panda tu gari.

Amos wako


Skelmarsh
7 Desemba 1847, Jumanne, alfajiri

Mdogo wangu Amos,

Gari lako limefika salama na linarudi salama. Salamu zote za Harriet zimetufikia, na blanketi la bluu nimelishika mkononi, mshono wake mzuri, mwambie nimeuona. Mama hajambo kuliko wiki zote hizi. Amevaa kofia yake ya Jumapili na amekaa chumba cha mbele. Nilimuuliza mara tatu, kwa upole na kwa ukali, kama atapanda. Amesema aliingia nyumba hii akiwa na miaka kumi na tisa, na Baba alimwingiza kwa kumwonyesha tuta kwanza, nyumba baadaye. Hatoki. Na mimi siwezi kumwacha, hilo ulilijua ulipoweka mablanketi mawili.

Nikupe habari, ufanye hesabu mwenyewe.

Jumamosi, siku ileile uliyoniandikia, msimamizi wa Haldenby alihamisha ng'ombe wote na farasi wote kutoka shamba la chini hadi Kilima cha Toft. Wanyama mia moja na kumi na wanne, nimesimama getini nimewahesabu wakipita. Mjane Pell akamuuliza kulikoni. Akasema ni kwa ajili ya malisho. Desemba, Amos. Toft hakuna hata jani la kumtosha mbuzi.

Jana mchana upepo uligeuka. Sasa ni wa kaskazini-magharibi, umekaza, haujalala. Unajua maana yake kwa bahari yetu: unayakusanya maji yote ya kaskazini unayabana kwenye kona hii. Usiku maji yalipokupwa hayakukupwa yote. Mabata bukini wamekataa kutoka bandani upande wa bahari, wamejikunja ukutani kimya, na wewe unajua bata bukini si ndege wa kukaa kimya.

Watu wamekuja jikoni kwangu bila kuitwa. Wajumbe wa baraza wapo kumi na wawili, wote, wamekaa kwenye mabenchi na kwenye magunia ya manyoya, hawali. Stennet yupo. Mikokoteni kumi na sita imejaa udongo wa Toft, nimeununua mimi, imepangwa nyuma ya nyumba na magurudumu yake yamepakwa mafuta, na kando yake kuna rundo la udongo wa kuijaza tena kila ikirudi. Kutoka kesho saa sita mchana hadi giza ni muda wa kutosha kujaza nusu ya shimo. Nusu haipendezi, lakini nusu itabeba bamvua moja, nimepiga hesabu na Stennet amepiga ya kwake, tumetofautiana mikokoteni miwili.

Mwendesha gari wako ni mtu mcheshi. Nilipomkabidhi mzigo aliugeuzageuza akasema, "Bibi, mimi nimelipwa kubeba mabibi wawili, si jembe la kale." Nikamwambia mabibi wawili wamekuwa kitu kimoja, na kina mpini.

Chini ya mablanketi yako, Amos, kuna sepetu ya Baba. Nimeitoa juu ya meko kwa mara ya kwanza tangu tulipomzika. Mpini umelika pale kidole gumba chake kilipokuwa kinakaa. Tia chako uone.

Gari litafika kwako leo jioni. Mtu akitoka Lincoln na farasi mzuri kabla ya jogoo, anafika mlangoni kwangu kabla ya mchana. Nimeipima njia hiyo mimi, kwa miguu, nilipokuja kukulipia karo.

Sasa kuna mambo mawili tu. La kwanza: uje na sepetu hiyo, tukuongoze hadi kwenye shimo kwa mguu wa tuta, uichomeke kwa mkono wako, na kabla haijaacha kutikisika mikokoteni itakuwa imeanza kwenda. Baadaye uje ukae kwangu na Harriet na mtoto, mle samaki mkunga, msidaiwe na mtu. La pili: umpe mpanda farasi sepetu hiyo na karatasi yenye neno moja, "naachia," na jina lako chini. Wajumbe watamchagua Stennet papo hapo, amekubali. Sitakulaumu. Nakuapia kwa kaburi la Baba sitakutajia jambo hili hadi tufe, nawe utaendelea kula meza ileile.

La tatu, kunyamaza, nimelitoa kwenye hesabu. Ukinyamaza utakuwa bado ndiye dikereeve wa Skelmarsh Alhamisi saa moja asubuhi, mwenye cheo cha kifalme, na wanaume arobaini watakuwa wamesimama nyuma ya nyumba ya mama yako na mikokoteni iliyojaa, wakisubiri neno lako, wakisikiliza kile kitu kinachonyonya.

Sitaki habari za Krismasi. Sitaki za mhandisi. Sikuulizi tena kama ulijua. Nataka jibu la moja kwa moja, mlangoni kwangu, Jumatano tarehe nane, saa sita mchana.

Mama amesogeza kiti chake dirishani, upande wa barabara ya Lincoln.

Unakuja, au unaachia?

Dada yako,
Kezia